Sampuli haiyeyuki ndani ya potasiamu bromidi

Nimeisikia tena wiki hii: "Tuliyeyusha sampuli kwenye potasiamu bromidi, halafu tukaikandamiza." Inasemwa katika maabara nyingi hapa Nairobi, inaandikwa kwenye ripoti, na inaharibu kazi za watu makini.

Maana yenyewe ni fupi. Kidonge cha potasiamu bromidi ni njia ya kupitisha mwanga wa infraredi kwenye kitu kigumu. Unachukua kama miligramu 1 ya sampuli, unaichanganya na miligramu 100 hadi 200 za chumvi hiyo iliyokaushwa, unaikandamiza kwa presi ya haidroliki kwa tani 8 hadi 10, na unapata kisahani chembamba, mara nyingi cha milimita 13. Chumvi hii ilichaguliwa kwa kuwa haifyonzi infraredi kati ya mawimbi 4000 na 400 kwa kila sentimita.

Hapo hakuna kilichoyeyuka. Chumvi yenyewe inahitaji nyuzi 734 za Selsiasi ndipo iyeyuke. Shinikizo linazibana punje zake mpaka zishikane na hewa itoke katikati, ndiyo maana unga mweupe unaanza kupitisha mwanga. Chembe za sampuli zimebaki chembe, zimetawanyika tu.

Anayeamini kwamba chumvi itayeyusha kila kitu hasagi vya kutosha, na shida inaanzia hapo. Mawimbi ya infraredi tunayotumia yana urefu wa maikromita 2.5 hadi 25. Chembe zikilingana nayo au kuyazidi, mwanga unatawanyika ovyo. Tunazitaka ziwe chini ya maikromita 2 hivi. Spektra, yaani mchoro unaoonyesha mwanga uliofyonzwa kwa kila wimbi, haifichi uvivu huo: mstari wa msingi unainama upande wa 4000, ambako mawimbi ni mafupi, na vilele vinaegemea upande mmoja. Kisha mashine inalaumiwa.

Saga sampuli peke yake kwanza, kwenye kinu cha agati, jiwe gumu na laini usoni, mpaka mchi uache kukwaruza na unga uanze kung'ang'ania kuta za kinu huku ukimetameta. Ndipo uongeze chumvi kidogo kidogo, bila kuisaga sana. Chumvi hii inavuta unyevu. Mvua za Aprili zikiwa zimeshika, utaona kwenye spektra kilima kipana karibu na 3400 na kingine kwenye 1640. Hayo ni maji, usiyape jina la hidroksili (kundi la oksijeni na hidrojeni) ya sampuli yako.

Linaloniuma zaidi ni hili. Dawa moja inaweza kuwa na maumbo mawili ya fuwele. Maumbo hayo yakiwa yabisi, spektra zake hutofautiana, kwa kuwa molekuli zimepangwa tofauti. Ukiyayeyusha maumbo yote mawili kwenye kiyeyusho kimoja, mpangilio unavunjika na tofauti inapotea. Mtu anayesema ameyeyusha anamwambia msomaji kwamba ushahidi wa fuwele haupo tena, ilhali pengine uko pale pale kwenye kidonge. Nasema pengine, maana kusaga na kukandamiza navyo huweza kubadilisha umbo la fuwele, na hilo nalo linafaa kutajwa.

Kwa hiyo tuandike hivi: sampuli ilisagwa, ikatawanywa kwenye potasiamu bromidi, ikakandamizwa. Na kama kweli uliyeyusha, taja kiyeyusho.