Je, wajua kwa nini dereva aliyeondoka kwenye eneo la ajali anaweza kukutwa hana hatia?

Lori lenye tela linakata kona usiku. Kichwa chake kimeshapita salama, dereva anatazama mbele, injini inanguruma. Kule nyuma, mita kumi na kitu kutoka kwenye kiti chake, ubavu wa tela unalikwangua gari lililoegeshwa kando ya barabara na kung'oa kioo chake cha pembeni. Lori halitikisiki. Dereva anaendelea na safari, anafika, anashusha mzigo, analala. Asubuhi polisi wanamgongea mlango: anatuhumiwa kugonga na kukimbia.

Je, alikimbia? Kwamba aliondoka, hilo halina ubishi. Lakini kukimbia ni tendo la mtu anayejua anachokikimbia, na kesi nyingi za aina hii huamuliwa hapo, kwenye kujua.

Wajibu wenyewe hauna maneno mengi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, katika kifungu cha 31, unamtaka dereva aliyehusika na ajali asimame, ahakikishe wengine hawaingii hatarini pale barabarani, na ajitambulishe akiulizwa na wahusika wenzake. Mtu akiumia au akifa, polisi waarifiwe na dereva awasubiri. Sheria za nchi nyingi zinafuata mkondo huo, zikitofautiana katika muda wa kuripoti, ukali wa adhabu na hata wanyama wanaohesabiwa. Uingereza, kwa mfano, orodha ya wanyama ambao dereva akiwagonga lazima asimame ina farasi, ng'ombe, punda, nyumbu, kondoo, nguruwe, mbuzi na mbwa. Paka hayumo.

Adhabu nazo zinapishana sana. Kushindwa kusimama Uingereza kunaweza kumpeleka mtu gerezani hadi miezi 6. Ujerumani ni hadi miaka 3. Kanada, ajali ikiwa imeua, sheria inaruhusu hata kifungo cha maisha. Tena kosa hili si lile la kusababisha ajali. Unaweza kugongwa ukiwa upande wako kabisa, huna lawama yoyote, kisha ukatiwa hatiani kwa sababu tu uliondoka. Ndiyo maana wakili anayeijua kazi yake huanza kwa kutenganisha maswali mawili ambayo watu huyachanganya: nani alisababisha, na nani aliondoka huku akijua.

Hilo la kujua lina historia inayostahili kusimuliwa. Sheria ya magari ya Uingereza ya mwaka 1903 ilisema wazi kwamba anayeadhibiwa ni yule aliyevunja wajibu huu kwa kujua. Sheria mpya ya mwaka 1930 ikaliacha neno hilo. Kwa mtazamo wa haraka, maana yake ni kwamba kujua au kutojua hakuna tena umuhimu. Mwaka 1948 ikaja kesi ya dereva wa gari lenye tela aliyegonga gari lililosimama na kuendelea na safari, akieleza kwamba kelele za chombo chake zilimzuia kusikia chochote. Mahakimu wa chini walimtia hatiani. Kwenye rufaa, Jaji Mkuu Goddard na wenzake walifuta hukumu hiyo. Hoja yao ilikuwa nyepesi na nzito kwa pamoja: mtu hawezi kuripoti jambo asilojua kwamba limetokea. Kufutwa kwa lile neno kulibadilisha jambo moja tu, nani abebe mzigo wa kuthibitisha. Upande wa mashtaka haukuhitaji tena kuonyesha kwamba dereva alijua. Ni dereva aliyepaswa kuishawishi mahakama kwamba hakujua.

Mimi naliona hilo kuwa tofauti kubwa kuliko linavyosikika. Kusema "sikujua" hakugharimu kitu, na kila aliyekimbia kweli atalisema. Kwa hiyo utetezi huu hausimami kwa maneno ya dereva. Unasimama kwa chuma, rangi na sauti.

Ujerumani, wataalamu wanaoitwa na mahakama hulivunja swali la kama dereva alijua katika vipande vitatu. Je, dereva angeweza kuuona mgongano kutoka alipokaa, kwa vioo alivyokuwa navyo? Je, angeweza kuusikia juu ya injini, upepo na redio? Je, angeweza kuuhisi mwilini, mtikisiko ukipita kwenye bodi, kiti na usukani? Kila kimoja hupimwa peke yake. Mkwaruzo mrefu wa taratibu unaweza kuacha alama mbaya kwenye bati huku ukitoa mtikisiko hafifu kuliko ule wa kupita kwenye shimo dogo. Lori zito likigusa gari dogo, lori halishtuki. Gari dogo ndilo linaloruka. Lakini pigo fupi la bampa kwa bampa, kati ya magari mawili madogo yenye uzito unaolingana, ni vigumu kudai halikuhisiwa. Urefu wa alama, kimo chake kutoka ardhini, mahali rangi ilipohamia, vyote vinasema jambo ambalo dereva hawezi kulibadilisha kwa maneno.

Mwenendo baada ya ajali nao ni shahidi. Kamera ikionyesha taa za breki zikiwaka mara baada ya mgongano, gari likasita, kisha likaongeza mwendo na kuzima taa, hadithi ya kutojua imekwisha. Vivyo hivyo gari likipelekwa kunyooshwa bodi na kupigwa rangi kesho yake alfajiri. Aliyeendelea kwa mwendo ule ule, akapita njia yake ya kila siku na kuliegesha gari nje mbele ya macho ya watu, ana jambo la kumsaidia. Na yupo yule aliyesikia kishindo akaamua kutogeuka ili asione. Katika nchi nyingi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, kufumba macho makusudi namna hiyo huhesabiwa sawa na kujua, na naona ni haki iwe hivyo.

Kuna ngazi ya pili. Dereva anaweza kujua kwamba amegonga kitu bila kujua kwamba kuna mtu ameumia. Mahakama ya Juu ya jimbo la California ilisema mwaka 1965 kwamba kwa kosa zito la kumwacha majeruhi, ni lazima dereva awe alijua kuna aliyeumia, au ajali iwe ya namna ambayo mtu yeyote mwenye akili timamu angetarajia kuwa kuna aliyeumia. Kwa hiyo ukubwa wa kishindo humhukumu dereva hata kama hakumwona mtu.

Na anayejua baadaye? Hapa nchi mbili zilizojitahidi sana zimefika mahali tofauti. Uingereza, mahakama zilishasema kwamba dereva anayekuja kuambiwa habari za ajali ndani ya saa 24 anapata wajibu wa kuripoti tangu hapo. Ujerumani, kwa miaka mingi mahakama zilimtia hatiani dereva aliyeondoka bila kujua, akaelezwa mbele kidogo, asifanye lolote. Kisha ikaja kesi ya dereva aliyelipita gari jingine kwenye barabara inayojengwa, kokoto zikaruka na kuliharibu gari lile. Mwenye gari alimfuata akamweleza. Yeye akakana na kwenda zake. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilisema hapana: katika wajibu wa kuripoti baadaye, sheria inawataja walioondoka kwa sababu halali au wenye udhuru, haimtaji asiyejua, na mahakama haina ruhusa ya kunyoosha maneno ya sheria ili kumnasa mtu. Najua uamuzi huo unamkera mwenye gari lililoharibika. Lakini kumwadhibu mtu kwa kosa ambalo sheria haikuliandika ni hatari kubwa zaidi.

Jambo jingine linalozaa mabishano makali ni haki ya kutojitia hatiani. Ikiwa mshukiwa ana haki ya kunyamaza, vipi sheria imlazimishe dereva kusimama na kutaja jina lake? Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilikataa utetezi huo katika kesi iliyotoka California. Wanne kati ya majaji watano walioshinda waliona kutaja jina hakumaanishi kukiri kosa, na kwamba sheria hiyo inawahusu madereva wote, lengo lake likiwa watu waweze kudaiana fidia.

Kanada ilikwenda njia nyingine mwaka 1999. Mwanamke mmoja alimgonga na kumuua mtu aliyekuwa akibadilisha tairi kando ya barabara, akaondoka. Kesho yake aliwapigia polisi mwenyewe akaeleza kwamba alikuwa akimkwepa mnyama. Mahakama ya Juu ilikubali kwamba maelezo aliyotoa akiamini sheria ya barabarani inamlazimisha hayawezi kutumika kumtia hatiani kwa jinai. Wajibu wa kuripoti ulibaki pale pale. Kilichozuiwa ni kuugeuza mtego.

Wapo pia wanaoondoka wakijua kila kitu, na bado wana udhuru. Ule mkataba wa Vienna wenyewe unamruhusu dereva kuondoka ikiwa lazima amsaidie majeruhi au yeye mwenyewe atibiwe. Aliyembeba majeruhi na kumkimbiza hospitali amefanya jambo jema kuliko kusubiri, mradi awaarifu polisi. Aliyezungukwa na watu wenye mawe anaweza kudai alikuwa anaokoa uhai wake, ila mahakama itauliza: tishio lilikuwa la kweli? Palikuwa na njia nyingine? Ulipofika salama ulikwenda kituo cha polisi, au ulikwenda nyumbani? Swali hilo la tatu ndilo linalowaangusha wengi. Aliyepigwa kichwa anaweza kuondoka akiwa amechanganyikiwa, hata asikumbuke. Hapo cheti cha daktari cha siku ile ile kina uzito ambao cheti cha wiki mbili baadaye hakina.

Mwisho kuna suala la nani aliyekuwa kwenye usukani. Namba ya gari humtaja mmiliki, haimtaji dereva, na upande wa mashtaka unapaswa kuliziba pengo hilo. Uingereza imeliziba kwa kumlazimisha mmiliki kumtaja aliyekuwa akiendesha, na akikataa hilo nalo ni kosa. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliulizwa kama ulazima huo unavunja haki ya kunyamaza, ikajibu mwaka 2007 kwamba hauvunji: anayechagua kumiliki na kuendesha gari amekubali masharti yanayoambatana nalo.

Tumrudie yule dereva wa tela. Wakili wake atataka kwanza vitu viwili: tela lenyewe kabla halijaoshwa, na picha za kamera za pale konani kabla hazijafutwa. Kwenye ubavu wa tela atatafuta urefu na kimo cha mkwaruzo. Kwenye picha atatafuta taa za breki, ziliwaka au hazikuwaka.