Mwani, joto la bahari na mabibi wa Paje

Mimi kazi yangu ni utafiti wa mwani, na nikiulizwa nani anaongoza mambo ya tabianchi huku Unguja nasema nendeni Paje au Jambiani maji yakitoka, mtawaona wanawake wenyewe. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza huko 1989, mbegu ya Ufilipino, wanaume wengi wakaidharau kazi wakarudi kwenye samaki, wanawake wakaibeba na mpaka leo wao ndo wengi. Na hawakuanza sifuri! Mabibi zao walikua wanafukia makumbi ya nazi pwani yaoze watoe usumba wa kusokota kamba, wanachokoa pweza, kwa hiyo bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo) wameyajua toka utotoni, hakuna semina iliyowafunza.

Sasa shida ni joto. Mwani tunaolima ni aina mbili, spinosamu na kotonii, kotonii ndo wenye bei ila hauvumilii joto, maji yakiwa machache jua la kaskazi, msimu wa joto, likipiga unapauka, unakua mweupe, unakatika vipande, unarudi unakuta kamba tupu. Toka miaka ya 2000 kotonii umekufa sehemu nyingi, wakulima wakabaki na spinosamu wa bei ndogo. Yani mtu hata pikipiki hana ndo anaumizwa na moshi wa wenye viwanda huko mbali, unaopasha bahari joto.

Sisi wataalamu tukasema hamieni kwenye kina kirefu, kule maji yana ubaridi. Ni sawa, Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani, na wenzake wameshajaribu huko na nyavu ndefu kama soksi ambazo mwani haukatiki ukapotea. Lakini kina kinataka boti na kinataka kuogelea, na wanawake wengi huku hawakufunzwa kuogelea (kisha tunashangaa kwa nini hawahami!). Ukileta boti tu bila kufikiri, mwani unahamia kwa wanaume na tunaita hiyo mafanikio.

Kwa maoni yangu wasichana wafunzwe kuogelea na kuendesha boti, na sehemu ya kupanda wachague mabibi kabla kipima joto hakijatoka kwenye boksi, maana kipimo kinanambia maji ya leo, bibi ananambia mkondo unapita wapi na mchanga unahamia wapi ikiingia kusi (upepo wa kusini), hayo mimi sikuyapata chuo. Mradi ukija kijijini kwenu, ulizeni kwanza boti inaandikwa jina la nani.