Darubini Kubwa Haimkamati Nguruwe Anayekimbia

Jumanne iliyopita mteja mmoja aliweka darubini ya kulengea ya 3-12x56 (yaani inayokuza mara 3 hadi 12, yenye lenzi ya mbele ya milimita 56) juu ya meza yangu ya kazi, akaniomba niifunge kwenye bunduki yake ya risasi za .30-06 kabla ya msako wa nguruwe pori wa Jumamosi. Nilipomuuliza kwa nini amechagua hiyo, alinijibu maneno ambayo nimeyasikia kila Novemba tangu nilipoanza ufundi wa bunduki hapa Hessen, Ujerumani: kwamba darubini ikikuza zaidi mtu hupiga vizuri zaidi, na kwamba mnyama akija karibu ataizungusha irudi 3 na hapo hapatakuwa na shida. Jioni hiyo hiyo akanipigia simu ndugu yetu mmoja wa kutoka Mbeya, ambaye ndiyo kwanza amepata leseni ya uwindaji, akaniuliza: "Kaka, ninunue ya 56 au ya 50?" Nimeona safari hii niandike kwa kirefu, kwa sababu jibu langu ni kwamba asinunue hata moja kati ya hizo kwa kazi anayoitaka, na sababu zake hazitoshi katika simu ya dakika tano.

Msako ninaouzungumzia ni ule ambao Wajerumani huuita Drückjagd. Wawindaji husimama kila mmoja mahali alipopangiwa, mara nyingi juu ya dungu fupi la mbao, huku waswagaji na mbwa wakipita vichakani ili wanyama wainuke na kuhama. Nguruwe anayetokea si ngiri wala si nguruwe mwitu wa misitu ya kwetu. Ni nguruwe pori wa Ulaya, ambaye kitaalamu huitwa Sus scrofa, mweusi, mwenye manyoya mazito ya baridi, naye hutokea mita 20 hadi 60 kutoka uliposimama, akivuka uwazi ambao mara nyingi hauzidi upana wa njia ya trekta. Akienda mchakamchaka hukata kama mita 5 kwa sekunde, na mbwa wakimbana anaweza kufikia kilomita 40 kwa saa, yaani mita 11 kwa sekunde. Katika msimu wa 2019/20 peke yake waliuawa zaidi ya 800,000 hapa Ujerumani, na tangu homa ya nguruwe ya Afrika ilipogunduliwa Brandenburg mwezi wa Septemba 2020 msukumo wa kuwapunguza umekuwa mkubwa zaidi. Ugonjwa huo ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921 kutokana na uchunguzi uliofanywa Kenya. Ngiri wetu huubeba pasipo kuugua, ilhali nguruwe wa Ulaya huangamia. Kwa hiyo misako ni mingi, wawindaji wapya ni wengi, na kila Jumatatu nasikia habari za wanyama waliojeruhiwa ambao mbwa wa kufuata damu walihangaika nao hadi usiku.

Sasa tufanye hesabu, kwa kuwa hapa ndipo imani ile inapovunjika. Darubini ya 3-12x56 ikiwa katika 3 huonyesha upana wa takriban mita 12 kwa umbali wa mita 100. Kwa mita 30, ambazo ndizo umbali wa kawaida wa msako, upana huo unabaki mita 3.6. Nguruwe mwenye urefu wa mwili wa mita 1.3, akienda mita 10 kwa sekunde, anaupita upana wote huo kwa theluthi moja ya sekunde na kitu kidogo. Darubini nzuri ya 1-6x24 ikiwa katika 1 huonyesha takriban mita 40 kwa mita 100, yaani mita 12 kwa mita 30, na hapo unaye kwa zaidi ya sekunde nzima hata kama bunduki hukuisogeza. Mtu akisahau darubini yake katika 6, kama wanavyosahau wengi baada ya kuchungulia kwa mbali wakati wa kusubiri, anabaki na mita 2 tu za kumtafutia mnyama. Wanaoniambia kwamba walishindwa "kumpata nguruwe ndani ya kioo" hudhani mikono yao ni mizito. Mikono yao haina kosa; wanamtafuta kuku uani kwa kuchungulia katika tundu la ufunguo.

Upana huo si suala la kupata au kukosa nyama tu. Katika msimu wangu wa pili nilisimama na darubini ya 2.5-10, mbele yangu vichaka vya misonobari michanga, nikaona bega jeusi likipita katika kioo, nikaanza kukaza kidole. Kilichonizuia ni sauti ya kengele. Nilipoinua kichwa nikamwona mbwa nyuma ya yule nguruwe, hatua moja tu kutoka mkiani, akiwa na fulana yake ya rangi ya chungwa ambayo ndani ya kioo sikuiona hata kidogo. Mwenye mbwa yule alikuwa mzee aliyemlea tangu kunyonya. Nimeuza darubini ile, na tangu siku hiyo siwezi kuzungumzia uwanja wa kuona kwa utulivu.

Vivyo hivyo kwa majike. Sheria ya hapa inakataza kumuua mzazi ambaye watoto bado wanamtegemea katika kipindi cha malezi, na jike mwenye watoto kwa kawaida hutangulia, watoto wakimfuata kwa mstari nyuma. Anayeona mita 3 humwona mama peke yake.

Baada ya hayo mteja huniambia, "Basi nipe inayoanzia 1," na hapo linakuja kosa la pili, ambalo kwa kweli ndilo linaloninyima usingizi. Namba 1 iliyochongwa kwenye pete ya darubini haitoshi. Faida yote ya kutokukuza hupatikana pale tu mtu anapolenga akiwa ameyafungua macho yote mawili, jicho la kulia likiona msitu pamoja na nukta ya mwanga ya kulengea iliyomo ndani ya kioo, jicho la kushoto likiona msitu ule ule kwa ukubwa ule ule, na ubongo ukiziunganisha picha hizo ziwe moja. Ikiwa darubini kwa kweli inakuza 1.1 au 1.2, au ikiwa pete ya dayopta, ile ya kusafishia picha, haijarekebishwa kulingana na jicho la mwenye bunduki, picha mbili zinakataa kuungana, kichwa kinachoka ndani ya nusu saa, na mtu anafumba jicho la kushoto bila kujijua. Akishalifumba amelipa zaidi ya euro 2,000 kwa kifaa ambacho sasa kinafanya kazi nusu. Kwa hiyo dukani usitazame karatasi ya matangazo. Simama mlangoni, fungua macho yote mawili, tazama ukingo wa jengo la ng'ambo ya barabara, uone kama mstari wake unakatika unapoingia ndani ya kioo. Ukikatika, zungusha dayopta polepole. Usipotengemaa, rudisha darubini hiyo kabatini uchukue nyingine.

Wapo pia watu ambao jicho lao tawala, yaani lile ambalo ubongo hulifuata zaidi, ni la kushoto ilhali wanaegemeza bunduki bega la kulia. Hao, wakifungua macho yote mawili, wanaweza kujikuta ubongo unafuata jicho lisilo na nukta. Wengine huzoea baada ya majira mawili, wengine wakahamia bega la kushoto, na mmoja nilimshauri abandike kipande kidogo cha utepe wa kufifisha kwenye kioo cha kushoto cha miwani yake. Kwake kilisaidia. Sithubutu kuwapa wote dawa hiyo moja.

Hata kilengeo kilicho bora hakiwezi kuokoa kitako kisichomfaa mwenye bunduki. Unapopandisha bunduki begani macho yakiwa yamefumbwa, kisha ukayafumbua, nukta inapaswa kuwa tayari katikati ya kioo. Ikiwa unalazimika kunyoosha shingo au kubonyeza shavu ili uipate, tatizo liko kwenye mbao, au kwenye vifungio vilivyokiinua kilengeo juu mno, na pesa zako ziende huko kwanza. Jipime ukiwa umevaa koti lako la baridi, si fulana ya dukani. Nimewaona watu wengi wakibadilisha darubini tatu kwa sababu ya kitako ambacho ningekirekebisha kwa saa mbili.

Vilengeo vya nukta nyekundu, ambavyo kampuni ya Kiswidi ya Aimpoint ilitoa cha kwanza mwaka 1975, vina sifa kubwa: havikuzi, havidai jicho liwe mahali maalumu, na bei yake ni euro mia kadhaa. Ila vimezaa imani nyingine, kwamba palipo na nukta ndipo risasi itakapofika. Kwa mnyama aliyesimama, ndiyo. Risasi ya mita 800 kwa sekunde huchukua takriban sehemu 6 za mia za sekunde kufika mita 50, na katika muda huo nguruwe wa mita 10 kwa sekunde amesogea sentimita 60 na zaidi, akienda mchakamchaka amesogea 30. Moyo na mapafu, vilivyo chini na mbele kuliko manyoya ya mgongoni yanavyomdanganya mtu, havina upana huo. Nukta ya dakika 2 za pembe (dakika moja ni sehemu ya 60 ya digrii) inafunika sentimita 3 tu kwa mita 50, na mtu anayegombana nami kama achukue ya 2 au ya 4 huku hajui atangulie kiasi gani mbele ya mnyama anapoteza muda wake na wangu. Mtutu lazima uende pamoja na mnyama, umpite, risasi itoke ukiwa bado unakwenda. Ukisimamisha mkono ili kufyatua, umepiga mahali alipokuwa.

Mengine nayapitia haraka. Paralaksi, yaani nukta kuonekana kuhama juu ya shabaha jicho likihama nyuma ya kioo, isiwasumbue: katika darubini ya lenzi ya milimita 24 iliyorekebishwa kwa mita 100, kosa kubwa kabisa kwa mita 50 ni kama milimita 6. Mwanga wa nukta uwe na nguvu ya kuonekana juu ya theluji yenye jua, kwa kuwa wenye taa dhaifu huuona msalaba mweusi tu, nao juu ya manyoya meusi hupotea. Kilengeo kidogo cha wazi, ambacho taa yake haikufunikwa, hufa tone moja la mvua au punje ya theluji ikitua juu ya taa. Chagua kilichofungwa pande zote. Betri mpya kila Oktoba. Vilengeo vya chuma navipenda kwa moyo, lakini vinalitaka jicho lishughulikie pengo la nyuma, kijiti cha mbele na mnyama kwa pamoja, na jicho la miaka hamsini haliwezi tena.

Ukiona nukta yako ina mikia au umbo la koma, usikimbilie kukirudisha kilengeo dukani. Kipige picha kwa simu. Nukta ikiwa duara katika picha, kasoro iko kwenye jicho lako, na pengine ni astigmatizimu, yaani jicho lisilo na mviringo ulio sawa. Mwenye kasoro hiyo mara nyingi atafaidika zaidi na darubini ya 1-6, ambayo mchoro wake umo ndani ya kioo na dayopta huusafisha.

Mnaponitaka niseme kipi ni bora kati ya nukta na 1-6, nakiri kwamba nimebadilisha msimamo mara mbili. Kwenye njia nyembamba za msitu mzito natumia nukta, na napiga haraka zaidi. Lakini msimu uliopita nguruwe aliyejeruhiwa na mwenzangu alisimama mita 90 pembeni mwa shamba la mahindi lililovunwa, nami nikiwa na nukta tu sikuweza kutofautisha bega na kivuli, nikaacha kufyatua. Kwa 1-6 iliyozungushwa hadi 4 ningemmaliza, na asingeteseka hadi alfajiri. Tena, hata matokeo yangu ya uwanjani siyaamini kikamilifu. Katika shindano la nguruwe anayekimbia la mita 50, lililokuwamo katika Olimpiki kuanzia 1972 hadi 1988, mwendo wa kasi ni mita 10 kwa sekunde 2.5, yaani mita 4 kwa sekunde. Huo ni mchakamchaka wa nguruwe asiye na wasiwasi, katika uwanja usio na miti, na unajua atatokea wapi. Mtu anaweza kupata alama nzuri sana hapo kwa kilengeo kitakachomwangusha yeye mwenyewe msituni.

Ndugu yangu wa Mbeya nimemwambia aanze na nukta iliyofungwa pande zote, na pesa zitakazobaki azitumie kwa risasi za mazoezi, kwa kuwa katika majimbo kadhaa ataulizwa cheti cha mazoezi ya kulenga kabla ya kupangiwa dungu. Yule mteja nimemwazima 1-6 ya karakana. Alhamisi jioni tulikwenda naye uwanjani, akapiga risasi arubaini macho yote mawili yakiwa wazi, na kumi za mwisho zilikuwa zimeanza kukusanyika kwenye bega. Darubini yake ya 56 ipo kabatini mwangu, imefungwa kwenye kitambaa chake. Ataihitaji Januari, kwenye dungu refu, usiku wa mbalamwezi juu ya theluji, pale lenzi kubwa inapofaa kwa mwanga hafifu.