Je, wajua kwanini babu aliyesoma hadithi za safari utotoni huja kuziandika akishapata wajukuu?

Mzee kastaafu, kafanya kazi ya ofisi au ualimu maisha yake yote, hajawahi kuandika hata shairi, afu akishapata wajukuu unamkuta na daftari anaandika hadithi ya watoto waliopotea kisiwani wakiwa na ramani ya hazina. Ukimuuliza kaitoa wapi, mara nyingi atakutajia kitabu alichosoma akiwa na miaka kumi hivi. Sasa inakuwaje kitabu kikae kimya miaka 50 afu kiamke wakati huo?

Sehemu ya jibu iko kwenye kumbukumbu. Watafiti wa mambo ya akili wameona kitu kinachojirudia, kwamba ukimwomba mtu aliyevuka miaka 40 asimulie maisha yake, matukio mengi anayoyatoa ni ya alipokuwa na miaka 10 mpaka 30 hivi. Ndo umri wa mambo mengi ya mara ya kwanza, kwahiyo kitabu cha kwanza kilichokunyima usingizi kinapata nafasi ambayo kitabu ulichosoma ukiwa na miaka 45 hakiwezi kuipata. Ila kumbukumbu peke yake haimshikishi mtu kalamu, na hapo ndo naipenda sana habari ya akina Stevenson wa Scotland.

Mwaka 1881 mwandishi Robert Louis Stevenson alikuwa Braemar, kijiji cha milimani huko Scotland, mvua hazikatiki na kifua kinamsumbua, na ndani ya nyumba kuna mtoto wake wa kambo, Lloyd, anapoteza muda kwa kupaka rangi. Stevenson akakaa naye, akachora ramani ya kisiwa, na alivyoikodolea macho ile ramani watu wakaanza kumtokea kichwani, akashika kalamu akawa anaandika karibu sura moja kila siku na kuwasomea watu wa nyumbani. Ndo kikazaliwa kitabu ambacho kwa Kiswahili tulikuja kukijua kama Kisiwa chenye Hazina.

Lakini mtu wa kumwangalia hapo ni baba yake, Thomas Stevenson, yaani babu wa kambo wa yule mtoto. Alikuwa na miaka 63, injinia wa minara ya taa za kuongozea meli, mtu wa mahesabu na mwenye dini sana. Mwanae alieleza baadaye kwamba huyu mzee kila usiku wa maisha yake alijilaza kwa hadithi alizojitungia mwenyewe kichwani, za meli, nyumba za wageni za barabarani, wanyang'anyi na mabaharia wazee, na hakuna hata moja aliyowahi kuimaliza. Akiugua pia alikuwa na vitabu viwili asivyovichoka, kimoja kina magendo na mtoto aliyeibiwa kwenye pwani ya Scotland, kingine ni cha hadithi za watoto kabisa. Mtu mzima na heshima zake, injinia anayejulikana!

Basi aliposikia zile sura zinasomwa sebuleni akawaka moto. Ilipofika sehemu ya kufungua sanduku la baharia aliyekufa, mzee akakaa karibu siku nzima anaorodhesha vilivyomo nyuma ya bahasha ya kisheria: bastola, kipande cha madini ya fedha, saa kuukuu ya Kihispania, bikari za shaba, makombe matano au sita ya baharini. Mwanae akaifuata orodha kama ilivyo. Hata jina la meli ya yule haramia Flint, Walrus, lilitoka kwa mzee.

Kwa maoni yangu jibu liko hapo. Hadithi zilikuwemo ndani ya Thomas miaka yote, ila hakuwa na sababu ya kuzitoa kwa sababu msikilizaji alikuwa yeye peke yake na yeye anasinzia. Mtoto akipatikana anayeuliza afu ikawaje, mzee inabidi ajue ikawaje. Mzazi naye anaulizwa hivohivo, ila mzazi amechoka, ana kodi ya nyumba na foleni kichwani, wakati babu na bibi wana jioni zao.

Na angalia vitu vinavyobaki. Stevenson mwenyewe alikiri kasuku aliyemo kwenye hadithi yake katoka kwa Robinson Crusoe, kitabu cha 1719, na mifupa inayoonyesha njia ya hazina kaitoa kwa mwandishi wa Marekani, Edgar Allan Poe. Sura nzima unaweza kuisahau lakini kasuku humsahau, ndo maana hadithi za mababu zimejaa visanduku, mapango, ramani na taa za chemli.

Kwetu huku kuna wazee wengi waliosoma Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, iliyotoka kwa Kiswahili 1929, na wanavikumbuka kwa mapenzi kabisa. Ila ukweli lazima usemwe, ukisoma hicho cha pili ukiwa mtoto wa Kiafrika ilibidi ujiweke kwenye viatu vya mzungu anayewinda almasi, maana wenyeji wamewekwa kando kwenye hadithi ya nchi yao. Kwahiyo mzee wa Tanga au Mombasa akiandika leo anaweza kuuchukua ule msisimko na kumbadilisha shujaa, watoto wawili wa Kilwa, jahazi, upepo wa kusi, maji yanajaa huku wao bado wako kwenye magofu. Yule mtoto wa zamani aliyekuwa anasoma kwa kibatari anapewa nafasi ambayo kitabu hakikumpa.

Kama unaye mzee wa namna hii usimwambie aandike kitabu, ataogopa. Mwombe amwambie mjukuu kulikuwa na nini ndani ya sanduku, kitu kimoja kimoja, na simu iwe inarekodi. Akishamaliza kutaja vitu mtoto atauliza sanduku lilikuwa la nani, na hapo hutahitaji kumwomba tena.