Kabla ya Kisanduku cha Kutafutia: Jinsi Intaneti ya Awali Ilivyojibu Maswali ya Kila Siku

Mimi ni mkutubi wa marejeo, na sehemu ya kazi yangu ni kuwafundisha wanafunzi wa ukutubi historia ya utafutaji wa taarifa. Kila tunapofika kwenye miaka ya mwanzo ya 1990, wengi wao hudhani kwamba zana za wakati ule zilikuwa sawa na injini za utafutaji za leo, isipokuwa zilikuwa dhaifu na za polepole. Dhana hiyo inaficha jambo la msingi. Kila zana iliona kitu kimoja tu: moja iliona majina ya mafaili, nyingine vichwa vya menyu, nyingine maneno yaliyomo ndani ya hati, na nyingine haikuona hati yoyote bali iliwafikia watu. Kwa hiyo mtu mwenye swali la kawaida, kama vile mvua itanyesha kesho au la, au namna ya kumzuia paka asikwaruze viti, alilazimika kwanza kujiuliza jibu lake lingekuwa limehifadhiwa kwa umbo gani, na ni nani angekuwa na sababu ya kuliandika.

Tulichukue swali hilo la paka, kwa kuwa linaonyesha wazi mipaka ya Archie, ambayo ndiyo inayotajwa mara nyingi kuwa injini ya kwanza ya utafutaji kwenye intaneti. Archie ilianza mwaka 1990 katika Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, kwa kazi ya Alan Emtage, mzaliwa wa Barbados, pamoja na wenzake Bill Heelan na Peter Deutsch. Wakati huo mafaili ya umma yalikuwa yametawanyika katika seva nyingi za FTP, yaani kompyuta zilizowaruhusu watu kuvuta mafaili kupitia mtandao, na mtu asiyejua jina la seva hakuwa na pa kuanzia. Archie ilizipitia seva hizo mara kwa mara, ikachukua orodha za mafaili yake, na kuziunganisha katika kanzidata moja ambayo mtu aliweza kuiuliza kwa Telnet, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali na kuandika amri, au kwa barua pepe. Haikufungua faili lolote. Mtu akiandika herufi c, a na t, yaani paka kwa Kiingereza, na kuruhusu herufi hizo zipatikane popote ndani ya jina, aliletewa orodha ndefu yenye programu inayoitwa cat ya mfumo wa kompyuta wa Unix, mafaili yenye neno catalog, na hata mafaili yenye neno location, kwa kuwa herufi hizo tatu zimo katikati yake. Yote hayo yalikuwa majibu sahihi kwa swali ambalo Archie iliulizwa, ingawa hakuna hata moja lililomhusu mnyama.

Mtu aliyebahatika kuona jina lenye kutia matumaini alikuwa na hatua nyingine mbele yake. Aliiandika anwani ya seva mahali fulani, akafunga Archie, akaingia kwenye seva hiyo kwa FTP akitumia jina anonymous na kuweka anwani yake ya barua pepe mahali pa nywila, akashuka kwenye saraka moja baada ya nyingine, akalivuta faili, na ndipo akaweza kulisoma. Kwa programu za kompyuta utaratibu huu ulikuwa mzuri sana, maana mwenye kutafuta programu kwa kawaida analijua jina lake. Kwa maswali ya nyumbani haukufaa, na sioni haki kuilaumu Archie kwa hilo, kwa sababu haikukusudiwa kwa kazi hiyo.

Gopher, iliyotoka mwaka 1991 katika Chuo Kikuu cha Minnesota chini ya timu ya Mark McCahill, ilikuwa karibu zaidi na mtu wa kawaida. Yote yalipangwa kwa menyu zenye namba: ulichagua kipengele, ukapata menyu nyingine au hati yenyewe, na hukuhitaji kujua kama hati hiyo iko kwenye jengo moja nawe au bara jingine. Ratiba za masomo, namba za simu za wafanyakazi, taarifa za hali ya hewa na takwimu za nchi mbalimbali zilipatikana humo. Menyu zilipozidi, mwaka 1992 Steven Foster na Fred Barrie wa Chuo Kikuu cha Nevada, Reno, walitengeneza Veronica, iliyokusanya vichwa vya menyu za seva za Gopher na kuvifanya vitafutike. Hapa swali la paka lilikuwa na nafasi bora, kwa kuwa kichwa cha menyu huandikwa na mtu kwa ajili ya watu, tofauti na jina la faili lililofupishwa hadi likakosa maana. Lakini ubora wa jibu ulitegemea uangalifu wa yule aliyekiandika kichwa. Hati iliyoeleza kwa kina tabia za paka, ikiwa imewekwa chini ya kichwa kama "Makala mbalimbali", Veronica haikuweza kuigundua.

Zana ambayo naamini haikupewa heshima inayostahili ni WAIS, iliyobuniwa na Brewster Kahle alipokuwa katika kampuni ya Thinking Machines. WAIS ilisoma maneno yote ndani ya hati, ikazipanga hati kwa alama, na ile iliyolingana zaidi na swali ikapewa alama 1000. Mtumiaji aliweza kuandika swali kwa sentensi ya kawaida, ingawa zana haikuielewa sentensi hiyo; ilihesabu maneno tu. Jambo lililokuwa la mbele ya wakati wake ni kwamba, baada ya kupata matokeo, mtu aliweza kuonyesha hati moja iliyofaa na kuomba nyingine zinazofanana nayo. Wataalamu wa utafutaji walikuwa wakilijaribu wazo hili kwa miaka mingi, na sasa lilikuwa mikononi mwa mtu yeyote aliyeunganishwa. Udhaifu wake ulikuwa kwamba ulipaswa kuchagua kanzidata kwanza. Ilikuwepo orodha maalumu ya kanzidata, nayo iliulizwa vilevile kama kanzidata yoyote, hivyo swali moja likawa maswali mawili: ni wapi panapozungumziwa wanyama wa kufugwa, na kisha, pamesemwa nini kuhusu kukwaruza.

Yapo maswali ambayo jibu lake hubadilika kila saa, na kwa hayo hati hazisaidii. Mapema katika miaka ya 1980, wanasayansi wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walikuwa na mashine ya kuuzia soda iliyokuwa mbali na ofisi za wengi wao, na mara nyingi mtu alifika akaikuta tupu, au akapewa chupa ya moto iliyopakiwa muda mfupi uliopita. Waliunganisha taa za mashine hiyo na kompyuta, ikafuatilia kila safu ya chupa: safu ipi imekwisha, na ipi imekaa ndani muda gani tangu ijazwe. Chupa zilizokaa saa tatu zilihesabiwa kuwa za baridi. Baada ya hapo yeyote kwenye mtandao aliweza kuiuliza mashine kwa amri ya finger, amri ambayo Les Earnest wa Stanford aliitengeneza mwaka 1971 ili watu wajue ni nani yupo kazini na nani ametoka. Napenda kuwaonyesha wanafunzi mfano huu kwa sababu swali ni dogo kabisa, jibu ni fupi, na chanzo chake ni kitu chenyewe, bila mwandishi katikati.

Hali ya hewa ilifuata njia kama hiyo. Kuanzia mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Michigan kilikuwa na huduma iliyofikiwa kwa Telnet, ambako mtu aliandika herufi tatu za msimbo wa mji wa Marekani na kupata utabiri wake. Vivyo hivyo, matumizi ya kwanza yaliyowavuta wafanyakazi wa CERN, maabara ya fizikia karibu na Geneva, kwenye Wavuti aliyoibuni Tim Berners-Lee hayakuwa ya fizikia. Yalikuwa kitabu cha simu cha taasisi hiyo, kwa maana kila mtu alihitaji kujua namba ya mwenzake.

Hata hivyo, kwa maswali mengi ya maisha jibu bora lilitoka Usenet, mfumo wa vikundi vya majadiliano uliobuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke. Paka walikuwa na kikundi chao, vilevile bustani, mapishi, magari na sheria. Utaratibu wake ulikuwa na adabu ambayo naitamani hadi leo. Mgeni alitarajiwa kusoma kwa muda kabla ya kuuliza, kisha aandike kichwa kinachotaja tatizo lenyewe. Katika vikundi vingi waliojibu walimtumia barua pepe muulizaji moja kwa moja, naye akawajibika kukusanya majibu yote, kuyachuja, na kurudisha muhtasari kikundini. Hivyo muulizaji alilipa deni lake kwa kuwa mhariri wa jibu lake mwenyewe.

Kutokana na desturi hiyo, na kutokana na uchovu wa kujibu jambo lilelile kila mwezi, zilistawi hati za maswali yanayoulizwa mara kwa mara, ambazo wengi huzijua kwa kifupi cha FAQ. Zilichapishwa upya kila baada ya muda fulani kwa sababu seva za Usenet zilifuta ujumbe wa zamani ili kupata nafasi, na nakala zake zilihifadhiwa katika kompyuta ya chuo cha MIT, Marekani, iliyoitwa rtfm.mit.edu. Asiyekuwa na FTP aliweza kutuma kwa kompyuta hiyo barua pepe yenye amri ya kuomba hati na kuipokea kwa njia hiyohiyo. Hati nzuri ya namna hii ilikuwa na jina la mtunzaji, tarehe ya marekebisho ya mwisho, na pale ambapo wanakikundi hawakukubaliana, ilieleza kila upande. Kuhusu paka aliyekwaruza viti, hapa ndipo pa kwenda: maelezo ya kwa nini paka hukwaruza, nguzo ya kukwaruzia iwe ya namna gani, na hoja za wanaokubali na wanaokataa kuondoa kucha.

Wakutubi nao hawakukaa kando. Huduma ya AskERIC, iliyoanza mwaka 1992 katika Chuo Kikuu cha Syracuse, ilijibu maswali ya walimu kwa barua pepe ndani ya saa 48, na mwaka 1995 Chuo Kikuu cha Michigan kikafungua Internet Public Library, ambako mtu yeyote aliweza kuuliza na kujibiwa na mkutubi.

Kisha zikaja injini zilizosoma kurasa nzima za Wavuti: WebCrawler ya Brian Pinkerton mwaka 1994, na AltaVista ya kampuni ya Digital mnamo Desemba 1995, iliyotafuta kurasa pamoja na ujumbe wa Usenet. Waliotoka kwenye zana za zamani walizitumia vizuri kuliko wageni, nami nadhani najua sababu. Mgeni aliandika swali lake, na AltaVista ikamletea kurasa za watu waliouliza swali hilohilo. Aliyezoea Usenet aliandika maneno ambayo mtu mwenye jibu angeyatumia: aliweka "nguzo ya kukwaruzia" ndani ya alama za kunukuu, kwa Kiingereza cha wafugaji, akatanguliza alama ya kujumlisha mbele ya neno paka ili lisikosekane, na alama ya kutoa mbele ya neno la kibiashara ili matangazo ya wauzaji yapungue, na kurasa alizoletewa ziliandikwa na watu waliokwisha kulitatua tatizo lake.