Kabla hujaniuliza njia ipi ya uzazi wa mpango ni nzuri

Karibu kila mwanamke anayeketi mbele yangu huanza na swali lilelile: "Sista, njia gani ni nzuri?" Miaka ya mwanzo ya ukunga nilikuwa nalijibu palepale. Siku hizi namrudishia maswali. Unataka mtoto mwingine lini? Dawa ya kila siku utaikumbuka? Hedhi ikivurugika utavumilia? Na nyumbani wanajua umekuja?

Namuuliza hivyo kwa sababu njia ileile hufanya kazi tofauti mikononi mwa watu tofauti. Vidonge vya majira vikimezwa kila siku bila kukosa, wanaopata mimba kwa mwaka hawafiki mmoja kati ya wanawake 100. Ukija kwenye maisha yenyewe, yenye safari, misiba na usingizi, wanafika kama 7. Kondomu za kiume zikivaliwa sawasawa kila tendo ni 2. Kwa matumizi ya kawaida ni 13. Sindano ya miezi mitatu ni 4, maana tarehe ya kurudi hupita. Kumwaga nje ni 20. Kijiti cha mkononi na kitanzi kinachowekwa ndani ya mji wa mimba havina pengo hilo. Vikishawekwa havingoji kukumbukwa, na wanaopata mimba hawafiki mmoja kati ya 100.

Kuna dada alikuja na mimba asiyoitarajia, akaniwekea paketi yake ya vidonge mezani. Vitundu vilivyotobolewa na visivyotobolewa vilikuwa vimechanganyika kama meno ya mtoto wa miaka saba. Kumbe alikuwa anameza siku ambazo mume yupo tu. Sikumlaumu hata kidogo. Hakuna aliyemweleza kwamba kidonge kinazuia yai lisipevuke, na kazi hiyo ni ya kila siku, mume awepo asiwepo. Baada ya kujifungua alichagua kijiti. Nilimtia ganzi mkono kwa ndani, juu ya kiwiko, nikakipitisha chini ya ngozi, kisha nikamshika kidole akiguse mwenyewe: kitu chembamba kama njiti ya kiberiti. Akakibonyeza mara mbili, tatu, akasema, "Basi hiki sitakisahau."

Jambo linalowafanya wengi waache njia nzuri ni damu, na hapa nina kosa langu mwenyewe. Nilimchoma mama mmoja sindano bila kumwambia kwamba hedhi inaweza kutoka ovyo au kukatika kabisa. Ikakatika. Akaamini damu inajikusanya tumboni na itamletea uvimbe, asirudi tena. Nilipomwona tena alikuwa mjamzito, mwenye hofu ambayo ningeiondoa kwa dakika mbili za maelezo. Ukweli ni kwamba homoni ya sindano huufanya utando wa ndani ya mji wa mimba ubaki mwembamba, kwa hiyo hakuna damu ya kujikusanya. Tangu siku ile, maelezo ya damu nayatoa kabla sijafungua bomba la sindano.

Sindano ina jingine la kujua mapema: uwezo wa kushika mimba huchelewa kurudi, kwa wastani miezi kama kumi tangu sindano ya mwisho. Anayetaka mtoto mwakani namwelekeza kwenye kitanzi, kijiti au vidonge, ambavyo ukiviacha uwezo hurudi upesi. Kitanzi cha shaba hakina homoni, hukaa miaka 10 au zaidi, na hata ambaye hajazaa anaweza kuwekewa. Ila miezi ya mwanzo hedhi huwa nzito na yenye maumivu zaidi. Mwenye upungufu wa damu simwanzishii hicho.

Yapo yasiyo ya kuchagua kwa ladha. Vidonge vyenye homoni ya estrojeni havimfai anayevuta sigara akiwa na miaka 35 au zaidi, mwenye shinikizo la damu, aliyewahi kupata damu iliyoganda kwenye mshipa, mwenye kipandauso cha kuona vimulimuli kabla kichwa hakijauma, wala anayenyonyesha mtoto wa chini ya wiki sita. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini, na baadhi ya dawa za kifafa, hudhoofisha vidonge na hata kijiti. Na katika njia zote hizi, ni kondomu tu inayokukinga na VVU na magonjwa mengine ya zinaa, kwa hiyo kuitumia pamoja na kijiti si kupoteza.

Kina baba nao wana lao. Kufunga mirija ya mbegu ni upasuaji mdogo kuliko ule wa mwanamke na hauondoi nguvu za kiume, ila mbegu zilizobaki njiani huhitaji miezi mitatu kuisha, na muda huo lazima mtumie kinga nyingine. Fanya hivyo ukiwa na hakika, maana kurudisha ni kugumu.

Ukienda kliniki, taja kila dawa unayomeza. Ukichagua kijiti au kitanzi, uliza pia siku utakapotaka kitolewe utamwendea nani. Una haki ya kukitoa siku yoyote, hata kama muda wake haujaisha, na asiyekubali kukuahidi hilo mapema usimpe mkono wako.