Diko Hupimwa kwa Kurudi: Madiko ya Umma ya Kayaki katika Jiji la New York

Jiji la New York lina ufuo wenye urefu wa takriban kilomita 837, lakini mkazi wake anaweza kuishi mwendo wa dakika tano kutoka majini kwa miaka mingi bila kuyagusa, kwa sababu baina yake na maji pana barabara kuu ya magari, uzio, na ukuta wa mawe uliosimama wima. Madiko ya umma ya kayaki, yaani sehemu zilizotengwa ambapo mtu yeyote anaweza kushusha chombo kidogo cha kupigwa kasia na kukipandisha tena, yamewekwa ili kuifungua njia hiyo. Sisi tunaoshughulika na usalama wa fukwe za mijini huulizwa mara kwa mara ni wapi pazuri pa kushukia. Swali hilo ni la haki, ila ni nusu ya swali. Pa kushukia ni pengi kuliko pa kurudia, na diko lolote linapaswa kupimwa kwa namna linavyompokea mtu anayerejea akiwa amechoka, maji yamekwisha kupwa na mkondo umegeuka.

Madiko haya hayakuja yenyewe. Shughuli za mizigo zilipohamia bandari za makontena za Newark na Elizabeth, upande wa New Jersey, magati mengi ya Manhattan, kisiwa kilicho kitovu cha jiji, yaliachwa yakaoza. Hadi kiwanda cha kusafisha majitaka cha North River kilipoanza kazi mwaka 1986, majitaka ya upande wa magharibi wa Manhattan yalimwagwa katika mto Hudson bila kusafishwa, ingawa Sheria ya Maji Safi ya Marekani ilikuwa imepitishwa tangu mwaka 1972. Mwaka 1993 jiji lilipitisha kanuni za ardhi ya kando ya maji zinazotaka miradi mingi mipya ya majengo iache njia ya umma. Mwaka 1998 jimbo likapitisha sheria iliyoanzisha bustani ya Hudson River Park. Na mwaka 2008 ikatangazwa Njia ya Maji ya Jiji la New York, mtandao wa madiko unaosimamiwa na Idara ya Bustani. Anayeshusha kayaki yake mwenyewe katika madiko ya idara hiyo anatakiwa kuwa na kibali cha mwaka.

Msomaji aliyekulia Pemba, Tanga au Lamu, ambako wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu, ataona kwamba mita moja na nusu hivi ya New York ni kitu kidogo. Asidanganyike na kipimo hicho, kwa kuwa hatari ya hapa haitokani na kina bali na mwendo. East River, licha ya kuitwa mto, ni mlangobahari unaounganisha ghuba ya bandari na Long Island Sound, mkono wa bahari ulio upande wa kaskazini-mashariki, na maji hujaa kwa nyakati tofauti katika ncha zake mbili. Upande mmoja unapokuwa juu na mwingine chini, maji yote hayo hulazimika kupita katika njia nyembamba, na pale Hell Gate, karibu na mtaa wa Astoria, mkondo unaweza kufikia kasi ya kilomita 9 kwa saa. Mpiga kasia asiye na mazoezi mengi humudu kama kilomita 5 kwa saa. Tofauti hiyo haizibwi na nguvu za mikono wala na ujasiri.

Mto Hudson nao hupanda na kupwa hadi kwenye bwawa la Troy, takriban kilomita 246 kutoka baharini. Kuna jambo moja kuhusu mto huu ambalo huwashangaza hata watu waliozoea bahari: maji yanapofikia kilele cha kujaa, mkondo haugeuki papo hapo. Unaendelea kupanda mto, na mara nyingi hugeuka zaidi ya saa moja baadaye. Kwa hiyo jedwali la maji kujaa na kupwa peke yake halitoshi. Panahitajika jedwali la mikondo, ambalo ni jambo jingine, na mamlaka ya Marekani ya bahari na anga, NOAA, hutoa yote mawili bure. Ushauri wetu kwa anayeanza ni kuanza safari kwa kuukabili mkondo angali ana nguvu, ili wakati wa kurudi mkondo huohuo umsukume kuelekea dikoni, na ahakikishe kwamba hautageuka kabla hajafika.

Umbo la diko lenyewe linastahili kuangaliwa kwa makini kuliko inavyofanyika kwa kawaida. Mtu aliyeketi ndani ya kayaki yuko karibu sawa na uso wa maji. Gati lililojengwa kwa ajili ya feri au mashua za injini linaweza kumpita kifua au hata kichwa, na akilifikia hawezi kulipanda bila msaada. Ndiyo maana diko zuri la kayaki huwa na jukwaa linaloelea, ambalo hupanda na kushuka pamoja na maji na ambalo uso wake uko sentimita chache tu juu yake. Jukwaa hilo huunganishwa na nchi kavu kwa daraja jepesi, na daraja hilo huwa karibu tambarare maji yakijaa, kisha huwa na mteremko mkali yakipwa. Anayekuja kulikagua diko wakati wa maji kujaa atalisifu; mtu anayetumia kiti cha magurudumu, au mama anayebeba kayaki ya kilo 25 pamoja na mwanawe, atakutana na diko jingine kabisa saa sita baadaye. Viwango vya mwaka 2010 vya sheria ya Marekani ya haki za watu wenye ulemavu vinagusa pia vituo vya mashua za burudani, na ni vyema wananchi wakajua hivyo.

Ufuo wa mchanga ni rahisi zaidi kwa anayejifunza. Hallets Cove, huko Astoria, ni mfano mzuri: ni hori ndogo, maji yake ni matulivu, na kayaki inasukumwa kutoka mchangani bila taabu. Hata hivyo, Hell Gate iko karibu sana, na utulivu wa hori haumwambii mgeni lolote kuhusu kinachopita nje yake. Mahali pa namna hiyo ningependa kuona kibao kinachoonyesha mwelekeo wa mkondo kwa kila saa, badala ya kibao chenye orodha ya makatazo tu.

Kwa asiye na chombo, ziko programu za bure zinazoendeshwa na watu wa kujitolea katika miezi ya joto, zikiwemo za magati ya Pier 26 na Pier 96 upande wa Hudson, na Pier 2 katika Brooklyn Bridge Park. Mgeni hupewa kayaki, kasia na jaketi okozi, kisha hupiga kasia kwa muda mfupi katika eneo lililowekewa mipaka. Mpango huo ni wa busara, kwa sababu kurudi kumekwisha kupangwa kwa niaba yake. Kwa upande wa Bronx, eneo la kaskazini mwa jiji, mto Bronx unatoa njia nyembamba yenye madiko kama la Concrete Plant Park, bustani iliyofunguliwa mwaka 2009 mahali palipokuwa na kiwanda cha zege. Wakazi waliondoa magari chakavu na matairi mtoni kwa miaka mingi, na mwaka 2007 alionekana biva, mnyama wa mtoni anayeguguna miti, aliyekuwa hajaonekana jijini kwa takriban miaka 200.

Usafi wa maji bado ni suala la siku hadi siku. Takriban asilimia 60 ya jiji hutumia mabomba yanayochanganya majitaka ya majumbani na maji ya mvua. Mvua ikizidi uwezo wa mabomba hayo, mchanganyiko humwagwa mtoni bila kusafishwa, kupitia matoleo, yaani midomo ya mabomba hayo, ambayo kadhaa yako karibu na madiko. Baada ya mvua kubwa subiri walau siku mbili, usishuke ukiwa na kidonda kibichi, na nawa mikono kabla ya kula.

Baridi huua watu wenye afya njema. Siku ya Aprili hewa inaweza kuwa na nyuzi 20 huku maji yakiwa chini ya 10. Anayetumbukia humo hushindwa kudhibiti pumzi kwa kama dakika moja ya kwanza, na hubakiwa na takriban dakika kumi ambazo mikono yake inaweza kumsaidia. Mtu asiyevaa jaketi okozi huenda asiipite hata ile dakika ya kwanza. Sheria ya jimbo inamtaka kila aliye katika chombo chenye urefu wa chini ya futi 21 kilicho safarini avae jaketi hilo kuanzia tarehe 1 Novemba hadi tarehe 1 Mei. Tunasihi livaliwe mwaka mzima.

Feri na meli kubwa haziwezi kukwepa kwa haraka, na nahodha huenda asikuone kabisa. Kaa nje ya njia zao, usikatize mbele ya vituo vya feri, na ubebe filimbi, na taa ikiwa jua linakaribia kutua. Mawimbi ya vyombo hivyo yakigonga ukuta wa mawe hurudi na kukutana na mengine, hivyo kukaa karibu na ukuta si kujificha.

Diko jipya linapopendekezwa, bodi ya jamii ya mtaa husikiliza maoni. Omba ionyeshwe michoro ya jukwaa wakati wa maji kupwa. Uliza choo kiko wapi, basi linasimama umbali gani, toleo la majitaka lililo karibu liko wapi. Kisha uliza ni wapi, kati ya diko hilo na linalofuata, mtu aliyeshindwa na mkondo anaweza kutoka majini. Kama jibu ni kwamba pana ukuta mtupu kwa kilomita mbili, omba ngazi za kupandia ziwekwe ukutani katika mradi huohuo, kwa bajeti hiyohiyo.